Mwenye Leseni Ametoka

Kwa majuma matatu swali moja lilininyima usingizi, na aibu yake ni kwamba lilikuwa swali dogo: barua isiyo na tarehe, je, ni barua? Nilikuwa nimetia sahihi karatasi iliyosema kwamba mimi, mfamasia niliyesajiliwa, nimekubali kuwa msimamizi wa duka la dawa ambalo mjomba wangu alitaka kulifungua Ishiara. Niliandika jina langu na nambari yangu ya usajili, nikatia sahihi, lakini mahali pa tarehe nikapaacha wazi. Nilijiambia kwamba bila tarehe bado sijaamua. Mjomba aliikunja barua hiyo pamoja na fotokopi ya leseni yangu, akaitia katika mfuko wa shati, akaniambia nisijisumbue. "Wewe leta karatasi tu, Igoki. Kazi tutafanya sisi."

Hakutaka nihamie Ishiara. Alikuwa na kijana wake aliyewahi kuuza dawa Embu mjini kwa miaka kadhaa, mwepesi wa mikono, anayejua bei zote kwa kichwa, ila hakuwahi kuisomea kazi hiyo hata siku moja. Mimi ningebaki kwa wazazi wangu Kianjokoma, nikiendelea kutuma maombi ya kazi hospitalini, na jina langu lingekuwa kule Ishiara, upande wa Mbeere, likifanya kazi bila mimi. Sheria inasema duka la dawa lisimamiwe na mwenye leseni, na mwenye leseni awepo. Mjomba alikuwa amesoma nusu ya kwanza ya sentensi hiyo. Mimi niliisoma yote, mara nyingi kuliko inavyofaa, nikitafuta neno ambalo lingeniruhusu.

Kila nilipolitafuta neno hilo, nilimwona Madam.

Jina lake sitaliandika. Asingependa, na mji wa Runyenjes unamjua bila jina. Wanafunzi wote tuliopita mikononi mwake kwa mafunzo ya kazini tulimwita Madam, kama anavyoitwa mwalimu wa kike shuleni. Watu wa mji humwita Daktari, naye kila mara huwasahihisha kwamba yeye si daktari, ni mfamasia, nao huitikia, "Sawa, Daktari." Amewasahihisha hivyo kwa zaidi ya miaka ishirini, na sijawahi kumwona akichoka wala akifaulu.

Duka lake ni chumba chembamba kati ya duka la mbegu na dawa za mifugo na kibanda cha fundi cherehani. Ujirani huo ulimletea vituko. Siku moja mzee kutoka upande wa majani chai alikuja akitaka antibaiotiki za kumpa ndama anayeharisha, kwa kuwa jirani alikuwa amefunga. Madam akamwambia haiwezekani. Mzee akauliza kama anadhani ndama huyo ameibwa.

"Ndama ni wako, baba. Dawa ndiyo ya watu."

Mzee akafikiri, akasema kwamba basi, kusema kweli, anayeharisha ni yeye. Madam akamvutia kiti. Akamtaka aeleze ameanza lini, anakwenda mara ngapi kwa siku, na choo kina rangi gani, yote hayo mbele ya watu sita waliokuwa wakingoja. Mzee alitoka pale akiwa amepona.

Kilichowashangaza zaidi wageni wa mji ni kibao cha mlangoni. Kilining'inia kwa uzi. Upande mmoja kiliandikwa MWENYE LESENI YUKO NDANI, na upande wa pili MWENYE LESENI AMETOKA. Maduka mengine huandika kwamba yamefunguliwa au yamefungwa. Kwake yeye hilo halikuwa jambo la kutangaza. Alipotoka, hata kama ni kununua maziwa hatua hamsini kutoka mlangoni, aligeuza kibao, akaiondoa leseni ukutani pamoja na fremu yake, akaitia ndani ya kiondo na kufunga mlango kwa kufuli mbili. Leseni ilikuwa mpya kila mwaka, na kila mwaka yake ilikuwa imeshafika wakati wenzake walikuwa bado wakiulizana lini mtandao wa maombi utafunguliwa.

Fundi cherehani alimtania kwamba anabeba fremu ile kama mjane aliyebeba picha ya marehemu. "Leo mnakwenda wapi na mzee?" angemuuliza.

"Tunakwenda kununua maziwa," Madam angejibu bila kusimama. "Huyu siwezi kumwacha peke yake. Ataanza kuuza."

Mara ya kwanza niliposikia utani huo nilicheka tu. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ndani yake mlikuwa na maelezo yote ya sheria tuliyofundishwa chuoni kwa muhula mzima.

Mji wetu una desturi yake siku ya wakaguzi. Habari hutangulia gari lao. Mtu wa Embu mjini humpigia simu mtu wa Manyatta, naye humpigia wa Runyenjes, na kabla wakaguzi hawajafika, milango ya chuma ya maduka ya dawa imeshuka mmoja baada ya mwingine, mtaa mzima ukanguruma. Wenye maduka huonekana ng'ambo ya barabara wakinywa chai kama watu waliokuja mjini kutembea. Siku hizo duka la Madam ndilo hubaki wazi, na foleni hufika hadi kwa fundi. Nilikuwa pale siku moja kama hiyo. Wakaguzi walikuwa wawili, mwanamume na mwanamke, na ilibidi wangoje zamu yao nyuma ya mama aliyeleta karatasi ya daktari ya dawa za presha. Madam hakuwaita mbele. Mwanamume alipoanza kujitambulisha, alimwambia kwa upole kwamba anamwona, na kwamba mama huyu ametoka mbali.

Nilitarajia wenzake wamchukie kwa hilo, na wengine walimchukia kweli. Walisema anajifanya mtakatifu. Mmoja alimwambia mbele yangu, "Wewe umetufanya tuonekane wezi." Madam akamjibu kwamba yeye hakushusha mlango wa mtu yeyote. Lakini huyo huyo aliyemwambia hivyo ndiye niliyemwona wiki iliyofuata akija kwa mlango wa nyuma kuuliza kipimo cha dawa ya mtoto wake mwenyewe.

Halafu kulikuwa na kurudia. Hakuna mtu aliyeondoka na dawa kwa Madam kabla hajarudia kwa mdomo wake jinsi atakavyoitumia. Alishika pakiti juu ya kaunta, vidole viwili vikiibana, asiiachie. "Rudia." Mteja alirudia kwa Kiembu, kwa Kimbeere, kwa Kimeru, kwa Kiswahili, lugha yoyote iliyomfaa, naye Madam alifuatisha kwa midomo kama anayesikiliza mtoto akisoma aya kanisani. Ukikosea, unaanza upya. Nilimwona akimrudisha mwanzo diwani mmoja mara tatu, hadi jasho likamtoka. Kulikuwa na cucu mmoja wa kisukari, bibi wa zaidi ya miaka themanini, aliyekuwa akianza kurudia akiwa bado mlangoni, kwa sauti, kabla hajasalimia mtu, ili amalize mapema akanunue ndizi. Madam humpenda huyo kuliko wateja wote, ingawa atakuambia hana mpendwa.

Alikuwa na mambo yake yasiyolingana. Mtu aliyejua dawa kuliko wote katika mji ule hakuzimeza. Jino lilipomuuma alitafuna karafuu siku nne, shavu likiwa limevimba, huku akiwapimia wengine dawa za maumivu na kuwahimiza wasivumilie. Sindano aliiogopa waziwazi. Alichelewa kila mahali isipokuwa dukani: kwenye harusi, kwenye mazishi, na kwa kwaya ya kanisa lake, ambako mwalimu wa kwaya alizoea kumtajia saa ya mazoezi nusu saa kabla ya saa yenyewe. Na alikuwa na hasira. Hilo siwezi kuliruka, kwa sababu liliniangukia mimi.

Nilikuwa mwezi wa pili wa mafunzo. Madam alikuwa nyuma ya pazia akila chakula cha mchana, kama hatua tatu kutoka nilipokuwa. Aliingia mama mmoja mwenye haraka, boda boda yake ikinguruma nje, akiwa na karatasi ya daktari ya dawa ya kifua ya mwanawe. Nilikuwa nimezijua zile dawa. Nikampimia, nikaandika, nikampa. Madam alitokea akipangusa mdomo, akauliza ni nani aliyeondoka. Nilimweleza. Aligeuza kibao, akaitoa leseni ukutani, akafunga mlango mimi nikiwa nje, akasimamisha boda boda na kumfuata yule mama njia ya Kianjokoma, koti jeupe likipepea nyuma yake kama bendera. Fundi alitoka kibandani kuangalia. Nilikaa barabarani dakika arobaini nikiombea dunia ipasuke.

Aliporudi alifungua duka, akatundika leseni mahali pake, akasema dawa ilikuwa sawa, kipimo kilikuwa sawa, na maandishi yangu yalikuwa mazuri.

"Sasa Madam, kosa lilikuwa wapi?"

"Hukuniita."

"Ulikuwa hapo nyuma tu."

"Ndiyo. Nilikuwa hapo nyuma. Ungeniita." Kisha akapandisha sauti, watu wakiwa wameshaanza kuingia, akaniambia kwamba siku nitakapokuwa na karatasi yangu nitauza hata nikiwa nimefumba macho, lakini leo anayeuza hapa ni yeye, na akifa mtoto wa mtu, ni yeye atakayesimama kujibu, si mimi. Nilimchukia kwa mwezi mzima. Hata sasa nadhani angeweza kunieleza mlango ukiwa umefungwa. Lakini tangu siku hiyo, hata nilipokuwa hospitalini Meru kwa mwaka wa mafunzo baada ya chuo, wenzangu walinicheka kwa jinsi nilivyomwita msimamizi kwa kila jambo, na sikumwambia yeyote kwamba kila mara nilimwona mwanamke mwenye koti jeupe juu ya pikipiki.

Niliwahi kumwona yeye pia akivunja sheria. Alikuwapo mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mgonjwa wa pumu aliyejulikana na kila mtu, ambaye siku ya vumbi aliingia dukani akiwa hawezi kumaliza sentensi, bila karatasi yoyote. Madam alimpa dawa ya kuvuta papo hapo, akamsimamia hadi pumzi ikarudi, kisha akachukua rejista na kuandika kwa kalamu nyekundu kwamba ametoa dawa bila karatasi ya daktari, saa fulani, kwa sababu fulani. Wakaguzi walipokuja, kitu cha kwanza alichowaonyesha ni ukurasa ule. Mkaguzi mwanamke alimwambia kwa sauti ya chini kwamba hakuna haja, mgonjwa alikuwa katika hatari, mtu yeyote angeelewa. Madam akasukuma rejista mbele. "Wewe andika unavyotakiwa kuandika." Wakaandika onyo. Alilitia kwenye faili lile lile lenye vyeti vyake vyote, na nilipomuuliza kwa nini asilitie mahali pengine, alisema hicho nacho ni cheti.

Kwa hiyo watu walitaka kujua. Haiwezekani mtu awe hivyo bila sababu, na mji ukamtengenezea sababu. Fundi alisema kwamba zamani, akiwa kijana, alimwachia mtu duka kule Chuka, na mtoto akafa. Mwenye duka la mifugo alisema haikuwa Chuka, ni Maua, na hakuwa mtoto, alikuwa mama mjamzito. Wanafunzi tulikuwa na toleo letu, ambalo marehemu alikuwa dada yake mwenyewe. Mimi niliamini matoleo yote kwa zamu. Kila aliponyamaza akiangalia ukuta, nilidhani anamwona huyo marehemu, na moyoni nilimheshimu zaidi kwa msiba ambao sikuujua.

Nilikwenda kumwona Jumatano moja, katika lile juma la tatu la kukosa usingizi. Kibao kilisema yuko ndani. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nisingesema ni mimi. Ningesema ni rafiki yangu, tuliyesoma naye, ambaye mjomba wake anataka kutumia leseni yake. Mjomba alimsaidia sana rafiki huyo, alizunguka na bahasha za mchango wa karo kanisa kwa kanisa, na rafiki hana kazi, na barua ameitia sahihi ila haina tarehe. Rafiki huyo afanyeje?

Madam alinisikiliza akiwa anahudumia watu. Kila mteja alipoingia nilinyamaza, na alipotoka nilianza tena pale nilipoachia. Hakunikatiza. Aliuliza maswali ya kawaida tu: huyo rafiki amemaliza mwaka wa mafunzo? Barua inasema duka liko wapi? Nikajibu kwamba liko upande wa Mbeere, sina hakika mji gani. Aliweka chai mbele yangu. Nilipomaliza, alikunja mikono juu ya kaunta.

"Rafiki yako ana jina zuri," alisema. "Nililiona Ishiara Jumatatu."

Nilikuwa nimeshika kikombe na sikujua namna ya kukiweka chini.

Alinieleza kwa sauti ile ile aliyotumia kueleza wagonjwa vipimo. Jumatatu alikuwa amefunga duka, akaenda soko la Ishiara kununua ndengu, kama afanyavyo kila baada ya mavuno. Aliona duka jipya la dawa, rangi bado inanuka. Akaingia kusalimia. Ukutani palikuwa na fotokopi ya leseni yangu ndani ya fremu, na chini yake barua ya msimamizi, yenye sahihi yangu, na tarehe. Mjomba alikuwa ameijaza mwenyewe, kwa kalamu ya rangi nyingine. Madam akamuuliza kijana aliyekuwa kaunta kama mwenye leseni yupo.

"Akaniambia, 'Madam Igoki ametoka kidogo, amekwenda kunywa chai.' Nikamwambia sina haraka. Nikaketi kwenye benchi, nikamngoja."

"Ulingoja?"

"Saa moja na nusu. Nikasema huenda chai ni ya moto."

Mteja mmoja aliyekuwa nyuma yangu alicheka bila kujua anacheka nini. Madam hakucheka. Alisema kwamba katika muda huo waliingia watu wanane. Kijana alikuwa na adabu, alisema, na mchangamfu, na saba kati ya hao aliwauzia vitu ambavyo havina neno. Wa nane alikuwa mama mwenye mtoto mwenye homa. Kijana alimkatia nusu ya dozi ya antibaiotiki kwa sababu mama alisema nyingine atarudi kuichukua siku ya soko lijalo. Hakumuuliza mtoto ana uzito gani. Hakumuuliza lolote. Madam alimfuata mama yule nje, akamwelekeza kituo cha afya, akamwambia aende sasa hivi wala asiende nyumbani.

"Alikwenda?"

"Sijui. Mimi si wa Ishiara."

Hapo nilianza kulia, jambo ambalo nilikuwa nimejiahidi njia nzima kwamba sitalifanya. Madam alimhudumia yule mteja hadi akatoka, akageuza kibao cha mlangoni, akafunga mlango kwa ndani. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akifunga duka akiwa yumo. Na kwa kuwa sasa hapakuwa na cha kuficha, nilimuuliza lile ambalo sote tulitaka kumuuliza miaka yote. Nilimuuliza ni nani aliyekufa.

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Nani amekufa?"

Nikamweleza habari za Chuka, za Maua, za dada yake. Alisikiliza yote, kisha akapangusa miwani kwa pindo la koti.

"Hakuna aliyekufa, Igoki. Dada yangu yuko Nkubu, ana kuku. Watu wanataka nikuambie kuna mtoto alikufa, ndipo na wewe uogope, ndipo uamue vizuri. Hakuna. Karatasi ilisema nitakuwepo. Nikatia sahihi. Basi nikawepo."

"Hivyo tu?"

"Wewe ulitaka iwe nini?"

Nilikuwa nimengoja miaka minne hadithi ya kutisha ambayo ingenipa ujasiri, na hadithi yenyewe haikuwepo. Palikuwa na mwanamke aliyesoma sentensi hadi mwisho, akafanya ilichosema, kila siku, hata wakati wa kwenda kununua maziwa. Nilimwona mdogo zaidi kuliko nilivyodhani, na nilimstahi zaidi ya siku zote.

Kisha akasema jambo la pili. Alisema kwamba yeye pia ana leseni, na mwenye leseni akiona duka linaloendeshwa vile hapaswi kunyamaza. Ijumaa ataandika barua kwa wakaguzi wa kaunti, na ataandika alichokiona, pamoja na jina lililo ukutani. Hatapunguza wala kuongeza neno.

"Madam, jina hilo ni langu."

"Najua. Ndiyo maana nimekuambia Jumatano." Alifungua kufuli, akageuza kibao. "Ningefurahi barua yako ikifika mbele ya yangu. Sasa rudia."

"Nirudie nini?"

"Utakachofanya."

Nilirudia. Nilikosea mara mbili, kwa sababu mara zote mbili niliweka neno "labda", na mara zote mbili alinirudisha mwanzo.

Alhamisi asubuhi nilikuwa Embu mjini, ofisini kwa wakaguzi, na barua ya ukurasa mmoja. Nilikuwa nimeiandika mara kumi na moja. Ya kwanza ilikuwa na kurasa nne na ilieleza hata habari za michango ya karo. Ya mwisho ilisema kwamba sisimamii duka lolote Ishiara, kwamba nilitia sahihi barua ambayo sikupaswa kuitia, kwamba fotokopi iliyo pale niliitoa mimi mwenyewe, na kwamba niko tayari kuitwa. Karani alipiga muhuri juu yake na juu ya nakala yangu. Aliniuliza kama nina hakika, kwa kuwa wengi huandika kulalamikia wenzao, si kujilalamikia wenyewe. Nilimwambia sina hakika, lakini apige.

Kutoka hapo nilikwenda moja kwa moja Ishiara. Joto la huko huwa linanishangaza kila mara, mimi mtu wa Kianjokoma kwenye baridi. Mjomba alikuwa dukani na kijana wake, na aliponiona alifurahi, akadhani nimekuja kuona jinsi lilivyopendeza. Lilikuwa limependeza kweli. Rafu zilikuwa nyeupe, dawa zimepangwa kwa herufi. Niliiteremsha fremu ukutani kabla sijamsalimia vizuri, kwa kuwa nilijijua: nikisalimiana, nikiulizwa habari za mama, nitaanza kufikiri.

Nilimwonyesha nakala yenye muhuri. Aliisoma mara mbili. Hakunipigia kelele, na ingekuwa rahisi kama angepiga. Alisema polepole kwamba amezunguka na bahasha zangu mvua ikimnyeshea, na leo mimi nimempeleka kwa serikali.

"Nimejipeleka mwenyewe, mjomba. Wewe umefuatana nami tu."

"Na dawa zote hizi?"

"Zifungie. Wakituruhusu, wakilikagua duka na kuliandikisha, nitahamia hapa. Nitakaa kaunta kila siku. Huyu nitamsaidia akasome, afanye kazi zilizo zake."

"Utakaa Ishiara? Na joto hili?"

"Nitakaa."

"Na siku ukienda kwa mama yako?"

"Siku hiyo limefungwa."

"Hata kama ni siku ya soko?"

"Hata kama ni siku ya soko."

Alimtazama kijana kana kwamba kijana angemsaidia. Kijana alikuwa akitazama viatu vyake. Mjomba akasema hilo si duka, hiyo ni shule. Kisha akatoka kusimama kivulini, akiwa ametugeuzia mgongo, nikajua anatafuta nambari ya mama kwenye simu.

Hapo ndipo alipoingia mama mmoja na mtoto mgongoni, kichwa cha mtoto kimelala upande. Kijana, kwa mazoea, tayari alikuwa amenyoosha mkono kwenye rafu. Nikamgusa bega. Nikamwambia mama kwamba leo hatuuzi.

"Mwenye duka ametoka?" aliuliza.

"Mwenye leseni ni mimi," nikasema, "na bado sijaruhusiwa kuuza hapa." Niliweka mkono kwenye paji la mtoto. Niliuliza homa ilianza lini, amekunywa nini, ananyonya au amekataa. Majibu yake hayakunipendeza. Nikaanza kumwelekeza njia ya kituo cha afya, nikajiona nikifikiria kama nimwelekeze barabara ya juu au ya soko, ipi fupi, ipi yenye kivuli. Nikaacha kufikiri, nikachukua kikapu chake, nikamwambia twende pamoja.

Tulikuwa tumefika kwenye kona nilipousikia mlango wa chuma ukishuka nyuma yetu. Niligeuka. Mjomba ndiye aliyekuwa akiushusha, kwa mikono yake miwili, simu ameibana kati ya sikio na bega.